Mwamba Unavyolika: Mwongozo wa Kusoma Mawe na Udongo wa Mraru na Voi

Kulika kwa mwamba ni kule kuvunjika, kulegea na kuoza kwa jiwe papo hapo lilipo, kwa nguvu za jua, maji, hewa, chumvi na viumbe hai. Jiwe linalolika halihami. Likishalegea ndipo maji ya mvua, mto au upepo hulibeba, na kazi hiyo ya pili ndiyo mmomonyoko. Tofauti ya mambo haya mawili huonekana wazi katika mbuga ya Tsavo Mashariki, nchini Kenya. Katika Maporomoko ya Lugard, maji ya mto Galana yakibeba mchanga yamekwangua mwamba hadi ukawa na mifereji na mashimo laini: huo ni mmomonyoko. Kwenye vilele vya mawe vilivyo mbali na mto, ambako magamba ya mwamba hubanduka yenyewe na kulala hapo hapo, ni kulika.

Mjenzi, mkulima, mchimba mchanga na mchimba vito wa kijiji cha Mraru, mji wa Voi na Taita nzima hufanya kazi juu ya mwamba ulio katika hatua fulani ya kulika. Akiitambua hatua hiyo kabla ya kupiga jembe au sururu, huokoa fedha, na mara nyingine huokoa maisha.

Mwamba wa Taita umeumbwa na nini

Sehemu kubwa ya Kaunti ya Taita Taveta imekaa juu ya mwamba wa kale uitwao naisi. Ni jiwe lililopikwa kwa joto na kubanwa kwa uzito mkubwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, katika ukanda mrefu wa miamba ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Alama yake ni mistari: utepe mweupe, utepe mweusi, mara imenyooka, mara imejikunja kama nguo iliyokamuliwa.

Mistari hiyo ni madini tofauti, na kila moja lina namna yake ya kuzeeka. Feldispa, yenye rangi nyeupe au ya waridi, huoza ikawa udongo wa mfinyanzi. Ulanga, ule unaometa kama vioo vidogo, hufunguka karatasi kwa karatasi. Madini meusi yenye chuma hupata kutu na kutoa rangi nyekundu. Kwatzi, iliyo ngumu kuliko kisu cha chuma, haiozi kwa urahisi; wenzake wakishaondoka hubaki peke yake, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga. Kwa hiyo mchanga wa mto Voi na udongo mwekundu wa mashambani vimezaliwa na jiwe moja: mchanga ni kile kilichokataa kuoza, udongo mwekundu ni kile kilichooza. Hata ndovu wekundu wa Tsavo wamevaa rangi hiyo hiyo, kwa kuwa hujipaka udongo uliojaa kutu ya chuma.

Baadhi ya madini adimu pia huweza kuvumilia kulika. Ganeti ni mojawapo. Ganeti ya kijani ya eneo hili, tsavoraiti, iligunduliwa nchini Kenya na mwanajiolojia Campbell Bridges karibu mwaka 1970, na mwaka 1974 ikapewa jina linalotokana na Tsavo. Kito hicho hupatikana ndani ya naisi yenye grafaiti.

Magharibi na kaskazini mwa kaunti kuna miamba ya volkano. Mkondo wa lava wa Shetani, katika Tsavo Magharibi, una umri wa karne chache tu. Bado ni mweusi, mkali, na mimea juu yake ni michache. Mtu akitoka hapo hadi kwenye shamba la udongo mwekundu huona mwanzo wa safari ya mwamba na mwisho wake katika siku moja. Uwanda wa Yatta nao unafundisha jambo jingine. Lava ilitiririka zamani ikafuata bonde, ikaganda kwa urefu wa karibu kilomita 290. Lava hiyo ni imara kuliko miamba iliyoizunguka. Miamba ya kando ikalika na kuchukuliwa na maji, lava ikabaki juu. Palipokuwa bonde sasa ni ukingo mrefu wa mlima.

Jinsi mwamba unavyovunjika

Kuvunjika ni kugawanyika kwa jiwe bila madini yake kubadilika. Nguvu ya kwanza ni jua. Uso wa mwamba ulio wazi katika tambarare za Voi huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi mchana, kisha ukapoa sana usiku. Uso hutanuka na kunywea huku kiini kikibaki karibu vile vile, na madini ya rangi tofauti hayatanuki sawa. Kurudiwa huku maelfu ya siku huchosha jiwe, hasa pale ambapo umande au mvua huingia katika nyufa ndogo.

Nguvu ya pili ni kuondokewa na mzigo. Mwamba ulioumbwa chini sana, uzito ulioukandamiza ukiisha kwa mmomonyoko, hutanuka kuelekea juu na kupasuka kwa tabaka zinazofuata umbo la mlima, kama maganda ya kitunguu. Vilima vya mawe vilivyo uchi katika tambarare hupata migongo yao ya mviringo kwa njia hii. Mwamba wa Mudanda huko Tsavo Mashariki, wenye urefu wa karibu kilomita 1.6, ni mfano ulio karibu na Voi: mgongo wake mtupu humwaga maji ya mvua katika bwawa lililo chini yake, ambako ndovu huja kunywa.

Nguvu ya tatu ni mizizi. Mkuyu au mgunga huanza kama uzi katika ufa wenye vumbi. Mzizi unenepapo hupanua ufa, maji huongezeka ndani, na mwaka hadi mwaka bamba la jiwe husogezwa hadi lianguke. Nguvu ya nne ni chumvi: maji yenye chumvi yakikauka ndani ya jiwe, fuwele hukua na kusukuma chembe zake. Nguvu ya tano, barafu, haifanyi kazi Voi, lakini hufanya kazi kwenye kilele cha Kilimanjaro kinachoonekana kutoka Taveta. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ufa uliojaa maji hupasuliwa usiku baada ya usiku.

Moto nao huvunja. Wapasua mawe huwasha kuni juu ya mwamba ili upasuke, kwa kanuni ile ile ya jua, ila kwa haraka. Jiwe lililopasuliwa hivyo hubaki na nyufa zisizoonekana. Linafaa kuponda kokoto za kujazia. Halifai kubeba ukuta.

Jinsi mwamba unavyooza

Kuoza ni kubadilika kwa madini yenyewe. Maji ya mvua hunyonya hewa ya kaboni angani, kisha hunyonya zaidi yakipita katika udongo wenye mizizi na majani yaliyooza. Hapo huwa asidi dhaifu. Asidi hiyo haichomi mkono, lakini ikipewa maelfu ya miaka hugeuza feldispa kuwa kaolini, yaani mfinyanzi mweupe. Oksijeni nayo hugeuza chuma kilicho ndani ya madini kuwa kutu. Mwamba wa chokaa na marumaru, ambayo nayo hupatikana kwa mikanda katika miamba ya Tsavo na Taita, huyeyuka kabisa na kuacha mashimo na mifereji.

Maji huingia kwa kufuata nyufa. Pembe ya jiwe hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso kutoka upande mmoja. Kwa sababu hiyo pembe huisha kwanza, na jiwe lililokuwa kama sanduku huishia kuwa duara. Mawe makubwa ya mviringo yaliyotapakaa kwenye miteremko hayakuviringishwa na mto. Mengi yameumbwa chini ya udongo, kisha udongo ukaondoka.

Viumbe husaidia pande zote mbili. Madoa ya kijivu, manjano au kijani yaliyoshikamana na jiwe ni viumbe hai vinavyotoa asidi na kuingiza nyuzi zao kati ya chembe. Mchwa huleta juu udongo laini kutoka chini, na vichuguu vyao vyekundu huonyesha udongo wa chini una rangi gani na mfinyanzi kiasi gani, bila mtu kuchimba.

Mlimani na tambarare

Vilima vya Taita ni ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki. Kilele cha Vuria hupita meta 2,200, na mji wa Voi uko chini ya meta 600. Mlimani kuna ukungu, mvua nyingi na misitu, kwa hiyo kuoza hutawala. Udongo ni mnene, na chini yake hukaa mwamba uliooza ambao bado unaonyesha mistari ya naisi ingawa unakatika kwa jembe. Tambarare ni kavu, kwa hiyo kuvunjika huonekana zaidi. Udongo ni mwembamba, changarawe ni nyingi, na mwamba mgumu hauko mbali. Kiganja cha udongo kutoka Wundanyi na kiganja kutoka Voi havipaswi kushughulikiwa sawa.

Namna ya kuukagua mwamba

Ukaguzi hauhitaji vyombo vya gharama. Nyundo, kisu, chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, maji na ndimu vinatosha.

1. Jiwe lipigwe nyundo. Likilia kwa sauti kali, ni zima. Likitoa mlio mfu, lina nyufa au limeanza kuoza.

2. Lipasuliwe, kisha rangi ya ndani ilinganishwe na ya nje. Ganda la kahawia au jekundu linaonyesha kina ambacho kuoza kumefikia. Ganda jembamba si hatari. Rangi ikifika hadi katikati, jiwe limekwisha nguvu.

3. Sehemu nyeupe zikwaruzwe kwa kisu. Feldispa nzima hukataa kisu. Ikitoka unga, tayari inageuka mfinyanzi. Kwatzi haikwaruziki kamwe.

4. Jiwe jeupe linalokwaruzika kirahisi lidondoshewe ndimu au siki. Likitoa mapovu, ni la chokaa, nalo halifai mahali ambapo maji yatalipitia daima.

5. Udongo ujazwe robo ya chupa, maji yaongezwe, chupa itikiswe kisha iachwe. Mchanga huzama karibu mara moja, tope laini huzama kwa saa kadhaa, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka huonyesha mchanganyiko wa udongo.

6. Shimo la msingi lichimbwe hadi pale jembe linapokataa na sururu kuanza kulia. Mwamba uliooza lakini unaoshikana huweza kubeba nyumba ndogo. Udongo mweusi wa mabondeni, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, usijengewe juu yake. Uondolewe au msingi upitishwe chini yake.

Mashimo marefu yana hatari yake. Mwamba uliooza husimama wima ukiwa mkavu, kisha huporomoka ghafla ukilowa. Shimo la vito, la choo au la kisima lisiingiwe bila kuta zake kuzuiwa kwa mbao, na lisiingiwe kabisa baada ya mvua kubwa. Kazi ngumu inapokuwa laini ghafla, mchimbaji asifurahie. Ajue kuta na dari navyo vimelainika.

Mchanga, mawe na chokaa

Mchanga wa mto unaometa sana una ulanga mwingi. Vijikaratasi hivyo haviungani na saruji na hudhoofisha plasta. Mchanga usuguliwe kiganjani: ukiacha rangi nyekundu, una mfinyanzi, na unahitaji kuoshwa kabla ya kuchanganywa.

Jiwe la naisi lijengwe mistari yake ikiwa imelala, kama lilivyolala ardhini. Likisimamishwa, maji huingia kati ya tabaka na uso wake hubanduka.

Kwa mawe ya matumbawe yanayoletwa kutoka pwani, funzo kubwa liko Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, ni ya matumbawe na chokaa. Hewa ya bahari huipa chumvi kila siku. Mawe laini ya namna hii huhitaji chokaa, kwa kuwa chokaa hupumua na kuruhusu unyevu utoke. Saruji ngumu ikipakwa juu yake hufunga unyevu na chumvi ndani, na jiwe huliwa nyuma ya plasta bila mtu kuona. Kanuni ni moja kwa kila ukuta wa zamani: kiungo kiwe laini kuliko jiwe.

Chuma, mabati, mbao na plastiki

Nguvu zinazokula mwamba hazibagui. Chuma hurudi kuwa kutu, ndugu ya ile rangi nyekundu ya udongo. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo nondo iliyopata kutu ndani ya zege huipasua kutoka ndani. Ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo, wenye doa la kahawia, ni dalili yake. Kinga ni zege iliyoshindiliwa vizuri na nondo kufunikwa: karibu sentimita 2.5 ndani ya nyumba, na sentimita 5 au zaidi inapogusa udongo.

Mabati hulindwa na utando wa zinki. Utando huisha kwanza kwenye matundu ya misumari, kwenye maungio, na pale majani yaliyolowa yanapolala. Paa lifagiliwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba, na kutu ichanwe na kupakwa rangi ikiwa bado ni madoa.

Mbao huliwa na jua juu na mchwa chini. Nguzo isimame juu ya jiwe au zege, isizikwe. Plastiki huvunjwa na miale ya jua. Bomba lililolala wazi huwa gumu, hupauka na kukatika, kwa hiyo lizikwe au lifunikwe.

Shamba na mteremko

Udongo ni mwamba uliokwisha kulika, na kuutengeneza huchukua maelfu ya miaka, huku mvua moja ikiweza kuuondoa. Kwenye miteremko ya Taita matuta ya ngazi hufanya kazi mbili: huzuia udongo usiteremke, na hulazimisha maji kuzama ili yaendelee kuulisha mmea. Matuta yafuate usawa wa mlima, na kingo zake zipandwe nyasi. Mawe yaliyookotwa shambani yapangwe kwenye kingo hizo.

Miteremko mikali iachiwe miti. Mizizi hupasua mwamba, lakini pia hushika udongo uliolegea. Mti ukikatwa, mizizi huoza baada ya miaka michache, na hapo mteremko hupoteza kamba zake. Nyufa za mviringo ardhini, miti iliyoinama na chemchemi mpya mahali pasipokuwa na maji ni dalili za maporomoko. Wakazi wa chini yake wahame kabla ya mvua kukolea, na taarifa ipelekwe kwa chifu mapema.

Barabara za udongo nazo huhitaji maji yaongozwe. Katika miaka ya 1970 kikundi cha wanawake wa Mraru kilichanga fedha kikanunua basi, ili wanachama wafike soko la Voi kwa urahisi. Basi huhitaji barabara, na barabara ya udongo huhitaji mtaro. Maji yakikosa mtaro hugeuza barabara kuwa mto, huondoa chembe laini na kuacha mawe matupu. Mitaro izibuliwe kabla ya mvua.

Mwamba kama kikinga maji

Katika nchi kavu, mgongo wa mwamba mtupu ni paa kubwa lililotengenezwa bure. Katika maeneo kama Kasigau, maji ya mvua yanayoteremka kwenye mwamba huongozwa kwa kuta fupi hadi kwenye tangi. Magamba yaliyolegea yaondolewe kwanza, nyufa kubwa zizibwe kwa saruji, mimea iliyoota kwenye nyufa ing'olewe ikiwa michanga, na maji ya mvua ya kwanza yaachwe yapite kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha wanyama. Katika kazi hii, mapango na vivuli vya miamba ambamo Wataita wa kale waliweka mafuvu ya wazee wao yaheshimiwe. Yasichimbwe mchanga, yasiwashwe moto, na mawe yake yasihamishwe.

Karibu katika kila sehemu iliyotajwa, maji yana mkono. Huingia katika ufa, huozesha feldispa, huleta kutu kwenye nondo, hulainisha ukuta wa shimo, na hubeba udongo wa shamba. Jua hupasua, lakini maji humaliza. Anayetaka jiwe, ukuta, paa au shamba lake lidumu, aanze kwa kuyapa maji njia.